Msimamizi ameniambia niende kwa mkutubi. Nikamwambie nini?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dodoma. Mada ya utafiti wangu ni "Changamoto za kilimo cha zabibu mkoani Dodoma". Msimamizi amenirudishia pendekezo langu mara mbili, na mara ya pili ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mapitio ya maandiko ni dhaifu. Nenda kwa mkutubi." Mkutubi ninayemjua mimi ni yule anayetugongea mhuri tukiazima vitabu na kutunyamazisha tukiongea. Nikifika kwake nimwambie nini? Na anaweza kweli kunifundisha utafiti, wakati si mwalimu wangu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kwenda, maana wengi wakiandikiwa maneno kama hayo hawaji kabisa. Au wanakuja siku mbili kabla ya kukabidhi kazi, wanasimama mbele ya meza yangu hata mkoba hawajautua, na kusema: "Mama, naomba marejeo kumi ya zabibu." Nimefanya kazi maktabani kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa hapahapa Dodoma, na ombi hilo bado linaniuma. Marejeo kumi nayapata kabla chai haijapoa. Kinachoniuma ni kwamba mwenye kuomba ataondoka kama alivyokuja. Hajui nimeyapata vipi, hajui kwa nini ni hayo na si mengine, na msimamizi atamrudishia tena.

Nianze na swali lako la mwisho. Ndiyo, mkutubi anaweza kukufundisha utafiti, na ipo sehemu ya utafiti ambayo huenda anaijua kuliko hata msimamizi wako. Msimamizi wako anajua uchumi, au kilimo, au chochote mnachosoma. Mkutubi anajua maandiko ya fani hiyo yanakaa wapi, yamepita mikononi mwa nani hadi kukufikia, na ukiyaita kwa jina gani yanaitika. Ukutubi unasomewa hadi uzamivu, na katika vyuo vikuu vyetu wapo wakutubi wanaofundisha na kuandika makala kama wanataaluma wengine. Yule unayemwona kaunta huenda ni msaidizi wa maktaba. Kazi yake ni muhimu, lakini usiishie kwake. Mwambie: "Naomba kuonana na mkutubi anayehudumia ndaki yetu, nina shida ya mapitio ya maandiko." Atakuelekeza.

Ukishafika, usitegemee kwamba atainuka akupeleke kwenye rafu. Mkutubi anayeijua kazi yake atakuuliza maswali mpaka uchoke.

Miaka michache iliyopita alikuja binti mmoja, kwao ni Mpwapwa. Mada yake ilifanana na yako, ila yeye alishika vitunguu: "Changamoto za soko la vitunguu". Nikamuuliza anataka kujua nini. "Changamoto, mama." Nikamwambia neno hilo ni gunia lililoshonwa mdomo, hatuoni kilichomo. Nani anaumia? "Wakulima." Wakulima gani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama mama." Basi nieleze mama anauza vipi. Hapo akafunguka. Mnunuzi anakuja na gari mpaka shambani, anakuja na magunia yake mwenyewe na vijana wake wa kushindilia. Gunia likishajaa linaongezewa kilemba juu, linafungwa kwa kamba, na mama analipwa bei ya gunia moja.

"Lumbesa," nikasema.

"Ndiyo, lumbesa."

Si imekatazwa kisheria? "Imekatazwa." Mama analijua hilo? "Anajua. Kila mtu kijijini anajua." Sasa kwa nini anakubali?

Yule binti aliniangalia kwa muda. Halafu akafungua daftari, akaikata mada yake kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika: "Kwa nini wakulima wa vitunguu wanaendelea kuuza kwa lumbesa ilhali wanajua imekatazwa?" Tulikuwa tumekaa dakika 40 na kompyuta hatujaigusa. Kutoka hapo kila kitu kikapata mahali pake. Tulijua tunahitaji sheria ya vipimo yenyewe, makala kuhusu nguvu ya mkulima anapopatana bei na mnunuzi, na kazi zinazoeleza kwa nini katazo lililoko kwenye karatasi halifiki shambani. Kabla ya hapo angetafuta "onion challenges Tanzania" mpaka bando liishe.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kazi yetu, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mada yako nayo ni gunia lililoshonwa. Unamzungumzia mkulima wa Hombolo au wa Makutupora? Anayeuza matunda au anayekamua na kuuza mchuzi wa zabibu? Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Je, bei ya mavuno ya kwanza na ya pili ni moja? Zikiiva kwa pamoja na wanunuzi ni wachache, nani anapata nafasi ya kusubiri na nani analazimika kuuza jioni hiyohiyo? Huhitaji kuyajibu yote. Chagua moja ambalo jibu lake wewe mwenyewe una hamu ya kulijua.

Baada ya swali yanakuja maneno, na hapa ndipo wanafunzi wetu wanapopata taabu ambayo mwenzao wa London hajawahi kuiona. Unawaza kwa Kiswahili, pengine nyumbani mnaongea Kigogo au Kirangi, na makala karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Ukitafsiri mada yako neno kwa neno na kuibandika yote kwenye Google, unapata makala nne au tano, zilezile ambazo darasa zima limezipata. Unahitimisha kwamba "hakuna maandiko". Maandiko yapo, ila umeyaita kwa jina ambalo si lao.

Mimi huchukua karatasi nikachora safu tatu: zao, watu, mahali. Kwenye zao tunaandika "grape", "grapevine", "viticulture", na jina la kisayansi, Vitis vinifera, maana wataalamu wa mimea hulitumia hilo. Kwenye watu tunaandika "smallholder" na "small-scale farmer", kisha naongeza neno ambalo vijana hawalitegemei: "peasant". Waandishi wengi wa miaka ya 1970 waliwaita hivyo babu zenu, na ukiliacha neno hilo unaliacha rundo zima la maandiko ya wakati wa vijiji vya ujamaa. Kwenye mahali tunaandika Dodoma, halafu "central Tanzania", halafu "semi-arid", kwa kuwa watafiti wengi huweka hali ya hewa kwenye kichwa cha makala badala ya jina la mkoa. Anayetafuta mambo ya zamani zaidi lazima aandike Tanganyika. Akirudi hadi enzi za Wajerumani atakuta eneo hili likiitwa Ugogo, na Mpwapwa ikiandikwa Mpapua.

Kisha tunayaunganisha. Maneno yaliyo ndani ya safu moja yanaunganishwa kwa "OR", yaani hili au lile, yote ndani ya mabano. Safu kwa safu zinaunganishwa kwa "AND", yaani lazima zote ziwemo. Maneno mawili yanayokwenda pamoja yanafungwa kwa alama za kunukuu. Katika hifadhidata nyingi, yaani hazina za makala mtandaoni, ukiweka nyota mwishoni mwa "farm" unapata "farmer" na "farming" kwa mkupuo mmoja. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Mwingereza George Boole, aliyechapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1854, na hadi leo hifadhidata za makala zinautii. Nimeona mwanafunzi aliyekuwa na makala nne akipata zaidi ya mia moja kwa karatasi hiyo ya safu tatu. Halafu akaogopa, kwa sababu sasa ni nyingi mno. Tukaongeza safu ya nne, bei na soko, zikapungua hadi idadi inayosomeka.

Nikueleze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado mchanga kazini nilikuwa na mwanafunzi wa uzamili, mtu mzima, mwalimu aliyekuwa akisafiri kila wiki kati ya kituo chake cha kazi na chuo, na nyumbani ana mtoto mgonjwa. Nilimhurumia. Nikamtafutia makala 30, nikamchapishia, nikampigia mstari sehemu za kusoma. Aliposimama kutetea pendekezo lake, jopo likamuuliza: "Hizi kazi 30 umezichagua vipi? Ulitafuta wapi, kwa maneno gani, na nini ulikiacha?" Akajibu kwa unyofu kwamba amepewa na maktaba. Walimrudisha muhula mzima. Hakunilaumu hata kidogo, alikuja kunishukuru kwa msaada wangu, na shukrani ile sijaisahau. Tangu siku hiyo mwanafunzi akija tunakaa upande mmoja wa meza, na kipanya anakishika yeye. Akikosea namwacha aone amekosea. Inachukua muda mrefu mara tatu. Kwa hiyo mkutubi wako akikusukumia kibodi badala ya kukutafutia, usimwone mvivu.

Sasa mahali pa kutafuta. Google Scholar anza nayo, haina ubaya, na pale chini ya kila makala pana kiungo kinachoonyesha kazi nyingine zilizoinukuu makala hiyo. Kitumie. Orodha ya marejeo ya makala inakurudisha nyuma kwa waliotangulia, na kiungo kile kinakupeleka mbele kwa waliokuja baadaye. Makala moja nzuri ya mwaka 2012 inaweza kukuzalia kumi kwa njia hiyo. Ukikutana na ukurasa unaodai dola 30 au 40 ili usome, usifunge ukakata tamaa, na usilipe. Uliza maktabani. Tangu mwaka 2002, chini ya Shirika la Afya Duniani, ulianza mpango uliokua na kuitwa Research4Life, unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma maelfu ya majarida ya kulipia, ya afya, kilimo, mazingira na mengineyo. Kinachotakiwa ni chuo kiwe kimesajiliwa na wewe upewe njia ya kuingilia, na mwenye njia hiyo ni mkutubi. Nimekutana na wahitimu waliomaliza miaka mitatu bila kulijua hilo, na nimesikitika kila mara. Zipo pia African Journals Online, ambako majarida ya Afrika, yakiwemo ya Tanzania, yamekusanywa tangu 1998, na hazina za kidijitali za vyuo vyetu. Ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo usiiache kwa mada ya mazao, maana tasnifu za wanafunzi wa huko zimewekwa humo.

Halafu kuna vile ambavyo Google haikuletei mezani. Wewe uko Dodoma, mwanangu, na wanafunzi wa mikoa mingine wangetamani bahati yako. Kituo cha utafiti wa zabibu cha taifa kiko Makutupora, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Bunge liko hapa, na Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, tunazoziita hansadi, zimewekwa kwenye tovuti yake. Tafuta neno "zabibu" humo, safari hii kwa Kiswahili, na utawakuta wabunge wa mkoa huu wakiuliza kuhusu soko na viwanda na mawaziri wakijibu. Ila lazima ujue namna ya kulitumia jibu la waziri. Hansadi inathibitisha kwamba siku fulani, ndani ya ukumbi ule, waziri alisema maneno yale. Tani alizozitaja ni jambo jingine, hizo utazitafuta zilikotoka. Mwanafunzi anayeijua tofauti hiyo ameshaanza kuwa mtafiti.

Hapo kwenye namba ngoja nikae kidogo. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba kila namba ina mama yake, na kazi yako ni kufika kwa mama. Kijana mmoja aliandika kwamba mkoa wa Dodoma una watu milioni mbili na kidogo, akanukuu makala iliyotoka juzijuzi tu. Tukaifungua. Ile makala ilikuwa imenukuu ripoti ya mradi, ripoti ikanukuu andiko jingine, na andiko lile ndilo lililoitoa namba kwenye Sensa ya 2012: watu 2,083,588. Kwa hiyo namba ilikuwa ya kweli kabisa, ila imezeeka, na kila aliyeinukuu alibandika mwaka wake mwenyewe juu yake. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 3,085,625. Watu milioni moja walikuwa wamepotea katika utafiti wa kijana yule, na utafiti wenyewe ulihusu mahitaji ya maji! Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao yake makuu hapahapa mjini, na ripoti za sensa zinapatikana bure. Ilituchukua kama dakika 20 kupanda ngazi hadi kwa mama wa namba ile, na kijana aliniambia baadaye kwamba akisoma gazeti sasa anajikuta anauliza: hii imetoka wapi?

Jambo jingine limetuletea kazi mpya kabisa. Siku hizi wanafunzi wanakuja na orodha nzuri sana za marejeo, majina yamepangwa, miaka ipo, jarida lipo, kurasa zipo, na wanachoomba ni nakala kamili tu. Kijana mmoja alikuja na orodha ya namna hiyo, marejeo 14. Tukaanza na la kwanza. Jarida lipo, toleo lipo, tukafungua ukurasa uliotajwa, tukakuta makala ya ng'ombe wa maziwa. La pili, mwandishi yupo na ni mtu anayeheshimika, lakini katika kazi zake zote hakuna yenye kichwa hicho. La tatu, hata jarida halipo. Tulipofika la tano aliweka kalamu chini. Kati ya 14, yaliyokuwepo duniani ni matatu. Aliyatoa kwenye programu ya akili mnemba, na alikuwa ameyaamini kwa moyo wote. Sikumwona mwizi. Nilimwona mtu ambaye hakuna aliyewahi kumweleza kwamba programu ile inapanga maneno yafanane na marejeo iliyowahi kuyasoma. Isipounganishwa na hifadhidata, haiendi kwenye rafu yoyote kuangalia kama kitu kipo.

Kukagua ni rahisi ukishazoeshwa. Weka kichwa cha makala ndani ya alama za kunukuu ukitafute chote. Nenda kwenye tovuti ya jarida lenyewe, fungua toleo lililotajwa, soma yaliyomo. Kama makala ina namba ya DOI, yaani namba ya kuitambulisha makala mtandaoni, ibandike kwenye tovuti ya doi.org uone inakupeleka wapi. Akili mnemba nenda nayo kwenye kazi inayoiweza: iombe ikutajie majina mengine ya Kiingereza ya "mchuzi wa zabibu" au "mkulima mdogo", uyajaribu kwenye ile karatasi ya safu tatu. Usiiombe marejeo.

Na ujihadhari na majarida ya ulaghai. Jarida linalokuandikia barua pepe ya kukusifu, likakuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, linauza nafasi. Mkutubi atakuonyesha namna ya kuangalia wahariri ni akina nani na kama jarida limo katika orodha zinazoaminika, kama ile ya majarida huria inayoitwa DOAJ. Usiwe mwepesi pia wa kudhani kwamba kilichotoka nje ndicho bora na cha kwetu ni dhaifu. Nimeona majarida yenye majina makubwa ya Ulaya na Marekani ambayo ofisi yake ni akaunti ya benki tu.

Turudi kwenye ule wino mwekundu. "Dhaifu" ni neno fupi, na wasimamizi wetu mara nyingi hawana muda wa kulifafanua, ila mimi nadhani najua sura yako ya pili, ile ya mapitio, inasomekaje. Aya ya kwanza: fulani mwaka 2015 alisema hivi. Aya ya pili: fulani mwaka 2018 alisema vile. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Huo ni msururu wa watu waliosimama foleni bila kusalimiana. Msimamizi anataka uwakalishe barazani waongee: nani anakubaliana na nani, nani anampinga nani na kwa ushahidi gani, wapi wote wamenyamaza. Mahali waliponyamaza ndipo pa kwako. Chama cha Maktaba za Vyuo na Utafiti cha Marekani kilikuwa na viwango vyake vya mwaka 2000 vilivyopima zaidi kama mwanafunzi anaweza kupata habari na kuitathmini. Mwaka 2016 kikapitisha mwongozo mpya wenye dhana sita, na mojawapo ni hiyo, kwamba taaluma ni mazungumzo. Niliposoma niliona wamesema kitu ambacho mtu aliyekulia kwenye vikao vya ukoo anakijua: huingii kikaoni ukaanza kusema kabla hujasikia wazee wamefikia wapi.

Nikiwa na wanafunzi wa maendeleo na kilimo huwapa mfano wa Kongwa, kwa kuwa ni hapa jirani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga kwa matrekta Kongwa, kwa fedha nyingi mno, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Mvua haikutosha, na udongo ule ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, majembe yanavunjika. Wagogo waliokuwa wakiishi pale waliyajua mambo yote mawili kizazi kwa kizazi. Yanaandikwa leo kwenye vitabu vingi, na anayekuja na pendekezo la kilimo kikubwa cha matrekta katika nyanda kame bila kugusa Kongwa namrudisha kwenye rafu kabla msimamizi hajamrudisha.

Kwa wahadhiri wenzangu wanaosoma hapa nina ombi. Mnatupa saa moja, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, wanafunzi 300 ukumbini, nasi tunaonyesha picha za tovuti ukutani. Wakati huo mwanafunzi anawaza bumu, ile fedha ya mkopo, litaingia lini na chumba atapata wapi. Hana swali lolote la utafiti, kwa hiyo tunachomfundisha hakina pa kushika. Tupeni saa hiyohiyo mwaka wa pili au wa tatu, ndani ya kozi ya mbinu za utafiti, wiki ileile mnayowapa kazi ya kuandika mapitio, kila mmoja akiwa na mada yake mkononi. Tupeni na alama kidogo, hata tano kati ya mia, kwa ajili ya daftari la utafutaji, maana kisicho na alama wanafunzi hawakifanyi. Palipofanyika hivyo nimeona tofauti kwa macho yangu: wanakuja mezani kwangu na maswali, wala hawaombi tena marejeo kumi.

Na hilo daftari la utafutaji, mwanangu, ndilo nataka uende nalo. Nunua daftari dogo hata la mia tano. Andika swali lako lilipofikia, hata kama unaliona baya. Andika umetafuta wapi, tarehe gani, kwa maneno gani hasa, na ulipata nini. Palipokosekana kitu andika hapakupatikana kitu, kwa sababu mkutubi anasoma kushindwa kwako kama daktari anavyosoma kipimo. Beba makala mbili ulizozisoma kweli, si ulizozipakua tu, na uandike usichokielewa ndani yake. Beba pia pendekezo lenyewe lenye wino mwekundu, usilifiche. Nenda asubuhi, omba saa moja ya miadi, na uende sasa wakati una wiki za kutosha mbele yako.

Umsalimie, ukae, umwambie: "Msimamizi ameniambia mapitio yangu ni dhaifu. Hili ndilo swali langu, hivi ndivyo nilivyotafuta, hapa ndipo nilipokwama." Maneno hayo yanatosha. Mwishoni mwombe akuwekee Zotero kwenye kompyuta yako, programu ya bure ya kutunza na kupanga marejeo, usije ukahangaika usiku wa mwisho kwenye kibanda cha steshenari ukipanga majina kwa mkono. Halafu mpange siku ya kurudi, maana mara ya pili ndiyo mtakayosoma pamoja mlichokipata.

Ukishatoka huko niandikie. Nataka kujua umechagua wakulima wanaouza matunda au wanaouza mchuzi.